Nyama za Paja: Nguvu ya Jumanne na Uchovu wa Dakika ya 80

Barua za safari hii zimetoka kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Masasi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mchezaji anayeshika paja uwanjani, nguvu na uchovu wa paja lake vinapimwaje mapema? Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nafundisha timu ya mtaa hapa Chikongola, Mtwara mjini. Ndani ya wiki mbili nimempoteza beki wa kulia na winga. Wote wameshika nyama za paja baada ya dakika ya 75, na wote mazoezini walikuwa wazima kabisa. Mashine sina. Nina uwanja, benchi la mbao na simu. Waliobaki nawapimaje?
– Kocha, Chikongola

JIBU: Marahaba, kocha. Anza na hiyo dakika uliyoitaja, maana ndiyo inayoeleza mambo.

Nyama za paja ni misuli mitatu ya nyuma. Keti, kunja goti, pitisha vidole nyuma yake. Ile kamba ngumu ya upande wa nje ni kano ya msuli ambao madaktari huuita baisepsi femorisi. Zile za upande wa ndani ni za wenzake wawili. Huo wa nje ndio unaochanika mara nyingi kwa mtu anayekimbia, na hauchaniki wakati wa kuvuta, unachanika wakati wa kufunga breki. Winga akiwa kasi kamili, mguu hurushwa mbele na goti hunyooka. Kabla unyayo haujagusa chini, msuli huo unatakiwa kuuzuia mguu huku wenyewe bado unarefuka. Kwenye maabara, wachezaji waliokimbizwa kwa mwendo wa kuigiza mechi ya dakika 90 walipungukiwa hasa na nguvu hiyo ya breki, zaidi kuelekea mwisho wa kila kipindi. Nguvu ya kuvuta kwa kawaida haikushuka vile. Kwa hiyo kijana anaweza kukuonyesha paja zuri Jumanne asubuhi na bado akaishiwa breki Jumamosi dakika ya 80. Unahitaji vipimo viwili: kimoja cha nguvu akiwa hajachoka, kingine cha uchovu baada ya mechi. Cha pili tumekieleza kwenye jibu la Masasi hapo chini.

Cha kwanza unakiweza kwa benchi lako. Kimo kiwe sentimita 60. Benchi nyingi za uwanjani ni fupi kuliko hapo, hivyo pima kwa futi kamba na uongeze mbao chini ya miguu yake. Mchezaji alale chali kwenye mkeka, kisigino cha mguu unaopimwa kikae juu ya benchi, goti likunjwe kidogo tu, kama nyuzi 20. Mikono aikunje kifuani. Mguu wa pili auinue wima na ubaki hapo. Akandamize kisigino, ainue makalio mpaka nyonga inyooke, ashuke makalio yaguse mkeka, apande tena bila kupumzika chini. Unahesabu mpaka ashindwe.

Ni rahisi kueleza, na ni rahisi zaidi kuharibu. Benchi likiteleza hesabu yote ni bure, kwa hiyo mtu mmoja alikalie upande wa pili. Goti likikunjwa mno, makalio ndiyo yanayofanya kazi na paja linakaza kabla halijachoka. Mguu ulio juu ukianza kubembea, kila mbembeo ni msaada wa bure. Wachezaji wajanja hugundua hilo kufikia mara ya kumi. Kosa baya kuliko yote ni kimo kupungua kidogo kidogo, hata mara ya mwisho ni nusu ya mara ya kwanza. Dawa yake ni uzi: ufunge kati ya vijiti viwili, usawa ambao nyonga inaugusa ikiwa imenyooka. Asipougusa uzi, umwonye mara moja. Kosa la pili, mwisho. Mwendo uuweke kwa programu ya midundo ya simu, midundo 60 kwa dakika, mdundo mmoja kupanda, mmoja kushuka. Usipofanya hivyo, mwenye haraka atapata 35 na mwenye subira 24 wakati nguvu zao ni sawa.

Mguu wa pili upimwe baada ya dakika 3. Nusu ya timu waanze na kulia, nusu na kushoto, la sivyo mguu unaotangulia utaonekana bora kila siku. Chini ya mara 20 ni dhaifu, 25 ni wastani, zaidi ya 30 ni nzuri. Usikifanye zikiwa zimebaki siku mbili au chini ya hapo kabla ya mechi, kwa sababu kipimo cha mpaka-ushindwe nacho kinaacha miguu mizito.

SWALI: Nimepima vijana 22 wa sekondari kwa zoezi hilo la kuinua nyonga. Straika wetu kapata 34 kulia na 21 kushoto. Mwingine kapata 18 na 19. Mkuu wa shule anauliza kama tuwaache nje ya timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.
– Mwalimu wa michezo, Nachingwea

JIBU: Msiwaache, mwalimu. Hizo namba za 20, 25 na 30 zimetoka Australia, kwa wachezaji wa ule mpira wao wa yai. Walipimwa 482 kabla ya msimu kisha wakafuatiliwa. Walioumia paja la kulia walikuwa na wastani mdogo mguu wa kulia. Kwa mguu wa kushoto tofauti haikuonekana. Ni wastani wa kundi, haumhukumu mtu mmoja. Hata mashine kubwa haziwezi. Qatar walifuatilia wachezaji 614 wa soka la kulipwa kwa miaka 4, wakipimwa kwa mashine ya kisasa, na utafiti huo uliochapishwa 2016 ulikuta tofauti ya nguvu kati ya walioumia na wasioumia ni ndogo, namba zao zimechanganyikana kiasi kwamba huwezi kumnyooshea mtu kidole. Pima ili ujue nani wa kumfanyia kazi. Utabiri waachie waganga.

Straika wako mrudie baada ya siku tatu, safari hii aanze na mguu wa kushoto. Akipata tena tofauti kubwa, muulize kama amewahi kuumia paja hilo. Jeraha la zamani linaeleza hatari kuliko namba yoyote utakayoipata kwenye benchi, na vijana hulificha wakiogopa kuachwa. Wa 18 na 19 hana mguu mbovu, hana nguvu tu, na hilo lina tiba.

Tiba yenyewe ni zoezi la kupiga magoti. Mchezaji apige magoti juu ya godoro au gunia lililokunjwa, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa uzito wote, naye aanguke mbele polepole kama mti unaokatwa, mwili umenyooka kuanzia magoti hadi mabega, akizuia kwa mapaja mpaka ashindwe. Hapo ajidake kwa mikono na ajisukume kurudi juu. Ratiba iliyotumika kwenye majaribio ya Denmark yaliyochapishwa 2011, na ambayo ilipunguza majeraha haya kwa kiasi kikubwa, ni hii: wiki ya 1 siku moja, seti 2 za mara 5. Wiki ya 2 siku mbili, seti 2 za mara 6. Wiki ya 3 siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Wiki ya 4 siku tatu, seti 3 za mara 8 hadi 10. Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 10, siku tatu, seti za 12, 10 na 8. Ifuateni kama ilivyo. Kocha anayewapa vijana seti tatu za kumi siku ya kwanza atawakuta kesho yake hawawezi kukaa darasani kwa maumivu, kisha zoezi litasingiziwa. Nyonga zikikunjika wakati wa kuanguka, yaani makalio yakabaki nyuma, mzigo umetoka kwenye paja. Mwenzake amwambie papo hapo.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Lindi mjini, na ni mlezi wa timu. Nimesikia mizani ya samaki inaweza kupima nguvu ya paja. Ni kweli? Kama ni kweli nitengeneze nini?
– Fundi, Lindi

JIBU: Ni kweli, fundi, na wewe ndiye mtu anayefaa kuifanya, maana mizani sio shida; shida huwa ni mahali pa kuifungia.

Tengeneza meza imara yenye kimo ambacho mchezaji akikaa miguu inaning'inia. Mbele yake simamisha nguzo, uichomelee vipete vya nondo kuanzia sentimita 20 kutoka chini, kila baada ya sentimita 5. Mchezaji mfupi na mrefu watatumia vipete tofauti, ili mnyororo uwe mlalo kabisa. Mnyororo ukiinama nyuzi 20, karibu asilimia 6 ya mvuto hauendi kwenye goti. Kwenye kifundo cha mguu weka mkanda mpana wa sentimita 5 wenye sponji ndani, vidole viwili juu ya kifundo cha mfupa. Kati ya mkanda na nguzo: mizani, kisha mnyororo. Usitumie ule mpira wa kufungia mizigo ya bodaboda. Unavutika, mguu unarudi nyuma, pembe ya goti inabadilika na namba inakuwa ya mpira badala ya paja. Kamba ya katani nayo hulegea kila ikivutwa.

Mchezaji akae goti likiwa nyuzi 90, ukingo wa meza uwe vidole vitatu nyuma ya goti. Paja lifungwe kwenye meza kwa mkanda, mikono ishike pembeni. Mnyororo uwe umekazika kabla hajaanza, kwa sababu akivuta kwa mshtuko mshale utaruka na utasoma mshtuko. Mwambie avute kisigino kwenda chini ya meza, apandishe nguvu ndani ya sekunde mbili, ashikilie sekunde tatu. Mara tatu kila mguu, dakika moja ya kupumzika katikati. Andika kubwa kuliko zote. Kama ya tatu ndiyo kubwa, mpe ya nne: bado alikuwa anajifunza.

Mizani ya mshale isome kwa video ya simu, usitegemee macho. Zile ndogo za kidijitali za kupimia mabegi zina mwisho wa kilo 50, zinatosha kwa wengi, ila zina tabia ya kuganda kwenye namba iliyotulia. Mchezaji akitetemeka haigandi, au inaganda kwenye namba ya chini. Hiyo nayo irekodi kwa video. Kila wiki ning'iniza dumu lile lile la maji, lililojaa hadi alama ile ile. Namba ikihama, tatizo ni mizani.

Ukitaka kulinganisha mchezaji na mchezaji, kilo peke yake haitoshi, kwa sababu mwenye muundi mrefu ana wenzo mrefu. Chukua mfano: mizani imesoma kilo 28. Zidisha kwa 9.81, unapata nyutoni (kizio cha nguvu) 275. Urefu kutoka kwenye kiungo cha goti hadi katikati ya mkanda ni mita 0.38, zidisha, unapata nyutoni mita 104. Gawa kwa uzito wa mwili, tuseme kilo 64: ni 1.63 kwa kila kilo ya mwili. Ukimlinganisha na yeye mwenyewe wiki baada ya wiki, kilo za mizani zinatosha, mradi mkanda uko mahali pale pale. Chora alama kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Kabla hujasema kijana kapungua, mpime siku mbili tofauti akiwa amepumzika. Siku ya kwanza 28, ya pili 26.5. Hiyo kilo moja na nusu ni mchezo wa kipimo chenyewe. Wiki ijayo ukipata 27, hakuna habari. Ukipata 23, kuna habari. Tofauti ya miguu miwili isome vivyo hivyo: 28 kwa 24 ni asilimia 14, inafaa kufanyiwa kazi, 28 kwa 26.5 iache.

Mkao huu wa kukaa una kasoro moja. Goti limekunjwa kuliko linavyokuwa wakati wa kukimbia. Ukiweza, ongeza mkao wa pili: mchezaji alale kifudifudi mezani, goti akunje nyuzi 30 tu, mnyororo ushuke chini ya meza ukielekea nyuma kidogo, kwenye kipete ulichochomelea kwenye bamba la sakafu. Huo uko karibu zaidi na hali ya hatari. Na weld zako uzijaribu kwa uzito wako mwenyewe kabla mtu hajafungwa. Ndoano ya mizani ikikatika, mnyororo unaruka kwenda mbele, kwa hiyo mpiga video asisimame usawa wa nguzo.

SWALI: Mimi ni muuguzi, nasaidia timu moja hapa Masasi siku za mechi. Tunacheza Jumamosi, halafu Jumatano. Nitajuaje kama mapaja yameshapona uchovu wa Jumamosi? Nina kipimo cha presha cha kupampu kwa mkono.
– Muuguzi, Masasi

JIBU: Hicho kipimo chako ndicho tungekuchagulia, dada au kaka muuguzi, kwa sababu siku ya mechi hutaki kipimo kinachochosha. Sekunde tatu kwa mguu, imekwisha. Ila tafuta mkanda usio wa wodi. Mkanda unaokanyagwa na visigino mwezi mzima hautasoma presha ya mgonjwa vizuri tena.

Mkanda ukunje mara tatu, uweke kati ya vibao viwili vya sentimita 12 kwa 12. Vibao ni vya lazima. Kisigino kitupu kikibonyeza katikati kinasoma tofauti na kikibonyeza pembeni, kwa sababu presha inafuata eneo linalobonyezwa. Vifunge kwa selotepu, viweke juu ya kiti au sanduku. Mchezaji alale chali chini, kisigino juu ya kibao, nyonga na goti nyuzi 90. Mguu wa pili unyooke chini, mikono kifuani. Jaza hewa hadi 20, funga valvu vizuri. Akandamize kisigino kwa nguvu zote sekunde tatu. Soma pale mshale ulipofika juu kabisa. Msaidizi aweke kiganja kwenye nyonga ya upande wa pili. Makalio yakinyanyuka, mara hiyo haihesabiwi, maana ameongeza uzito wa mwili. Mara tatu, kisha mguu wa pili. Ukipata nafasi rudia na goti la nyuzi 30, kwa kukisogeza kiti mbali.

Mshale wa kipimo unaishia 300. Kama una beki wa kati anayefika huko, tafuta vibao vipana zaidi kwa timu nzima na uanze upya rekodi zote. Usichanganye vibao. Mshale ukishuka wenyewe kabla hajabonyeza, kuna hewa inavuja kwenye valvu au mpira, na namba za siku hiyo ni za kutupa.

Saa ya kupima ndiyo inayowaangusha wengi. Nguvu za misuli kwa kawaida huwa juu jioni kuliko asubuhi. Ukichukua namba ya mwanzo saa 1 asubuhi na ya baada ya mechi saa 12 jioni, uchovu wa kweli utafunikwa na saa. Namba za mwanzo zichukue jioni, siku tatu tofauti za mapumziko, upate wastani. Baada ya hapo: ndani ya nusu saa ya kumalizika mechi, jioni ya Jumapili, jioni ya Jumatatu na ya Jumanne. Kwa wachezaji wengi namba inarudi kati ya saa 48 na 72. Mechi ya Jumatano inaangukia baada tu ya hapo, na ndiyo maana Jumatatu jioni ndiyo siku ya kutazama.

Hesabu ni nyepesi: toa ya leo kwenye ya mwanzo, gawa kwa ya mwanzo, zidisha kwa 100. Mchezaji wa 180 aliyesoma 153 amepungua asilimia 15. Sisi tungetumia upungufu wa asilimia 10 Jumatatu jioni kama mstari wa kazi. Sio sheria, ni mahali pa kuanza kuuliza. Aliyepungua zaidi ya hapo na anasema paja zito, Jumanne asikimbie kasi kamili, na Jumatano kocha ajue kwamba ni wa dakika 60. Aliyepungua hivyo lakini anasema yuko sawa, pima tena kabla ya kumwamini yeye au kipimo. Wenye haki ya kuangaliwa kwanza ni wenye jeraha la msimu uliopita, waliovuka miaka 28 hivi, na mabeki wa pembeni.

Mara nyingine paja litakaza papo hapo kwenye sekunde ile ya kukandamiza, hasa goti likiwa nyuzi 90 dakika chache baada ya mechi. Simamisha, linyooshe, na uandike "kukaza". Ile sio namba ya nguvu. Na mkitoka safarini, kwa mfano mmekaa kwenye basi kutoka Mtwara zile kilomita 200, watembee nusu saa kwanza.

SWALI: Sisi tunakimbia ufukweni Shangani kila asubuhi, mchanga laini, kilomita 6. Mapaja yanawaka. Hiyo si inatosha kuyajenga? Na tukitaka kupima kasi tukiwa tumechoka, tupime hapo hapo?
– Mchezaji, Mtwara

JIBU: Mchanga unachosha, lakini haukupi kasi. Paja la nyuma linaogopa kasi, na njia ya kulizoesha ni kulipa kasi hiyo kwa kipimo: mara moja au mbili kwa wiki, mbio chache za mita 30 hadi 40 kwenye nyasi au udongo mgumu, karibu na kasi yako ya juu kabisa, ukiwa umepasha misuli na hujachoka. Ufukwe endeleeni nao kwa pumzi.

Kupima pia fanyeni kwenye uwanja mgumu. Kimbia mita 30 mara 6, pumzika sekunde 20 kati ya mbio na mbio. Jumlisha muda wote, gawa kwa muda wa mbio bora uliozidishwa mara 6. Kinachozidi 1 ndicho uchovu. Mtu akipata jumla ya sekunde 28.2 na bora yake ni 4.5, ni 28.2 gawa kwa 27, yaani 1.044, uchovu wa asilimia 4.4. Saa ya kubonyeza kwa kidole inakosea kwa kiasi kikubwa kuliko tofauti unayoitafuta, kwa hiyo tumia video ya simu ya picha 60 kwa sekunde na uhesabu picha. Hata hivyo hiki ni kipimo cha mwili mzima. Mapafu yakichoka, paja litalaumiwa bure.

SWALI: Nilipimwa kwa mashine Dar es Salaam nikaambiwa uwiano wa nyuma kwa mbele ni 0.55, na unatakiwa 0.6. Nimeogopa.
– Kiungo, Newala

JIBU: Usiogope, kaka. Hiyo 0.6 ni nguvu ya kuvuta ya nyuma ya paja ikigawanywa kwa ya mbele, mara nyingi kwa mwendo wa nyuzi 60 kwa sekunde. Haigusi breki kabisa. Unaweza pia kupata 0.55 kwa sababu mbele ya paja lako ni imara sana, jambo ambalo sio ugonjwa. Waombe karatasi yenye namba zenyewe, uone nguvu ya nyuma ni kiasi gani kwa kilo ya mwili na kama kulia na kushoto vinakaribiana. Kama walipima na breki, namba ya kutazama ni breki ya nyuma kugawa kwa nguvu ya mbele, ambayo huwa karibu na 1 au zaidi.

SWALI: Mwezi wa Ramadhani wachezaji wangu wengi wamefunga. Nipime au niache?
– Kocha, Kilwa Masoko

JIBU: Pima, ila chagua saa moja ushikamane nayo mwezi mzima. Muda wa saa mbili hivi baada ya futari unafaa kuliko alasiri, na pia hupimi mtu mwenye kiu. Usilinganishe na namba za kabla ya mwezi. Chukua namba mpya za mwanzo wiki ya kwanza. Vipimo vya mpaka-ushindwe viwekeni baada ya Idi.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, anacheza timu ya vijana hapa Ruangwa. Siku ya Jumatatu akiwa anakimbia alisikia "pwa!" kwenye paja, juu karibu na kalio. Leo ni Jumamosi. Kocha anataka kumpima nguvu kesho ili ajue kama acheze.
– Mama, Ruangwa

JIBU: Pole sana mama. Kesho asipimwe. Kwa umri wake kuna jambo ambalo kwa mtu mzima si la kawaida: pale kano inaposhika kwenye mfupa tunaoukalia, mfupa wa kijana bado haujashikana kabisa, na badala ya nyama kuchanika, kipande cha mfupa kinang'oka. Dalili zake ni hizo hizo ulizoandika, mlio na maumivu ya juu karibu na kalio, na mara nyingi anaumia akikaa kwenye kiti kigumu. Mpeleke hospitali yenye eksirei na uwaambie wapige picha ya nyonga, sio paja tu. Kukandwa na kunyooshwa kwa nguvu viachwe mpaka majibu yatoke.

Picha ikionyesha mfupa ni mzima, kocha aende kwa hatua. Kwanza atembee na apande ngazi bila kuchechemea. Halafu akandamize kisigino kwenye kile kipimo cha presha kwa nusu ya nguvu, kisha nguvu zote. Akisikia maumivu, namba haina maana na asubiri. Miguu ikikaribiana, aanze mbio za taratibu, kisha za kasi ya kati, kisha kasi kamili kwa siku kadhaa.

Kipimo cha mwisho kifanywe baada ya hapo tu, na mtaalamu wa viungo awepo. Alale chali, goti lifungwe lisikunjike, mguu mwingine na kiwiliwili vishikwe chini. Aanze na mguu mzima. Aurushe juu kwa kasi yote, mara tatu, kisha mguu ulioumia vivyo hivyo. Umuulize swali moja: umeuamini? Akisita, au mguu ukipanda kwa woga chini ya ule mwingine, arudi kwenye mbio na arudiwe baada ya siku 3 hadi 5.